Mgongo wa mama si kila mara unaumwa na mizigo

Katika karieri za Maniema hakuna anayeshtuka mama akisema mgongo unamuuma. Wamama njo wanabeba mchanga kutoka shimoni mpaka kwenye maji, wanauosha, wanaponda mawe, na jioni wanarudi nyumbani na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Akisema "mugongo inaniuma", tunamjibu apumzike kidogo. Tunamnunulia parasetamoli kwa muuza dawa wa pembeni ya njia, tunamkanda kwa maji ya moto, na kesho yake kazi inaendelea. Mara nyingi tuko na haki, maana ni mizigo tu.

Lakini kuna mama mmoja ambaye jibu hilo halimfai. Ni yule aliyepata kivimbe katika titi miaka mitatu, mitano au kumi iliyopita, akapelekwa Kindu au mbali zaidi, akakatwa, kidonda kikakauka, na familia ikamshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha. Mama huyo akianza kuumwa mgongo, nyonga au mbavu, na maumivu yakazidi usiku wakati amelala, si wakati amebeba, basi tusikimbilie kulaumu mzigo. Kansere ya titi, inapotoka mahali ilipoanzia, mfupa ndio mahali inapopenda kwenda kuliko pengine pote. Kati ya wanawake ambao kansere yao ya titi imekwisha kusambaa mwilini, karibu 7 kwa 10 wanakutwa nayo katika mifupa.

Kila mwezi wa Oktoba, ule wanaouita Octobre Rose, tunasikia redioni kwamba mwanamke ajipime matiti. Ni vizuri, waendelee. Lakini hotuba zinaishia kwenye titi. Haziendi mpaka kwenye mfupa, na haziendi mpaka kwenye swali ambalo kwa maoni yetu ndilo linaamua nani atasaidiwa na kidonge cha bei ndogo na nani anahitaji dawa nyingine kabisa: kansere ya mama huyu ni ya aina gani?

Wachimbaji wataelewa haraka kuliko wasomaji wengine. Hakuna mnunuzi anayelipa mfuko wa kasiteriti kwa kuuangalia kwa macho. Anapima teneur. Mifuko miwili ya rangi moja na uzito mmoja inaweza kuwa na bei mbili, juu ya kile kilicho ndani. Kansere ya titi iko vile vile. Vivimbe viwili vinavyofanana mkononi vinaweza kuwa magonjwa mawili tofauti, na tofauti yenyewe inaonekana labo tu, chini ya darubini, wakati wanatafuta kitu kinachoitwa vipokezi vya homoni.

Homoni ni ujumbe ambao mwili unatuma ndani ya damu. Estrojeni, ambayo katika mwanamke kijana inatoka zaidi katika ovari, inapita kila mahali, lakini seli isiyo na kipokezi chake haiisikii, sawa na simu isiyo na kadi ya SIM: hata ukiisimamisha chini ya antena, hailii. Seli za kansere zenye kipokezi zinaisikia, na ujumbe zinaousikia ni kuzaana. Duniani, karibu kansere 7 kwa 10 za titi ziko na vipokezi vya homoni. Hizo zinaitwa chanya. Zisizo navyo zinaitwa hasi, na homoni haizihusu. Kuna pia kipokezi kingine, HER2, ambacho si cha homoni lakini kinapimwa pamoja navyo, maana nacho kiko na dawa zake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896, munganga George Beatson wa Glasgow, kule Scotland, aliandika kwamba alitoa ovari za wanawake wenye kansere ya titi iliyoendelea, na vivimbe vikapungua. Waganga wengine walipojaribu, wanawake fulani walipata nafuu, wengine hawakupata kitu, na hakuna aliyejua sababu. Sababu ilikuja kuonekana miaka zaidi ya sitini baadaye, pale Elwood Jensen wa Chicago alipoonyesha kwamba kuna kipokezi. Na kule Uingereza, mwaka 1962, watafiti waliokuwa wanatafuta dawa ya kuzuia mimba walitengeneza kidonge ambacho kwa kazi hiyo hakikufaa. Kumbe kilikuwa kinakaa ndani ya kipokezi cha estrojeni na kufunga mlango. Jina lake tamoksifeni. Toka 1973 kinatumika kule kwa kansere ya titi, na leo viwanda vingi vinakitengeneza bila kumlipa mwenye hati, juu ya hiyo bei yake imeshuka. Kiko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS.

Kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka 5. Kwa mwanamke ambaye kansere yake ni chanya, miaka hiyo 5 inapunguza hatari ya kuuawa nayo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 inayofuata. Kwa mwenye kansere hasi, hakimfanyii kitu. Waganga wengine, mahali pasipo na kipimo, wanakitoa hata hivyo kwa sababu walio wengi ni chanya. Tunawaelewa. Lakini ni sawa na kununua mfuko gizani.

Sasa turudi kwenye mifupa. Mwaka 1889, Stephen Paget wa London alipitia habari za wanawake 735 waliokufa kwa kansere ya titi. Aliona kwamba ugonjwa hauendi ovyo, unachagua. Akaandika kwamba seli za kansere ni kama mbegu zinazopeperushwa pande zote, lakini zinaota tu mahali udongo unapozikubali. Mkulima wa mpunga wa Kibombo angemwambia hayo bila kwenda London.

Na udongo wa mfupa ni wa namna gani? Tunauona mfupa kama jiwe, lakini uko hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa kidogo kidogo na nyingine zinazojenga nyuma yao, kila siku, toka utoto mpaka uzee. Seli za kansere zikifika pale zinawachochea wale wabomoaji. Mfupa ukibomolewa, unaachilia vitu vya kukuza seli vilivyokuwa vimefungiwa ndani yake. Kansere inavila, inaongezeka, inachochea tena. Mchimbaji anajua shimo lililokulwa pembeni bila mbao za kushikilia: juu linaonekana zima, watu wanapita, mpaka siku moja linaanguka. Mfupa wa paja wa mama huyo unaweza kuvunjika kwa kuteleza tu njiani kwenda kisimani. Uti wa mgongo ukiporomoka unabana mishipa, na miguu inakufa.

Hapo vipokezi vinarudi katika habari. Kansere chanya ndizo zinazopenda mfupa zaidi, na ziko na uvumilivu. Zile hasi, zikirudi, mara nyingi zinarudi katika miaka mitano ya kwanza, na zinapenda mapafu, ini na ubongo. Zile chanya zinaweza kulala. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliokusanya habari za wanawake karibu 63,000 ambao wote walimaliza miaka 5 ya dawa ya homoni, ulionyesha kwamba ugonjwa uliendelea kurudi pole pole toka mwaka wa 5 mpaka wa 20. Hatari ya kurudi mbali na titi katika muda ule ilikuwa kati ya 10 na 41 kwa mia, kufuatana na ukubwa wa kivimbe cha kwanza na matezi ya kwapani yaliyokuwa yameguswa. Kwa hiyo mtu akisema "ule ni ugonjwa wa zamani, alipona miaka minane iliyopita", hajasema kitu kinachofunga mjadala.

Hatutaki kutisha watu. Mgongo unaweza kuumwa juu ya kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa ambao nao si mgeni katika karieri zetu, na unatibika. Ndiyo maana radiografi ni ya lazima kabla mtu hajataja jina la ugonjwa. Na tena, kansere iliyofika mfupani peke yake, bila kugusa ini wala mapafu, wanawake wengi wanaotibiwa wanaishi nayo miaka, si wiki. Hapo pia dawa za homoni njo zinafanya kazi kubwa kama kansere ni chanya. Lakini miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukikatika au ukitoka bila kujua, hapo hakuna kungoja siku ya soko. Ni siku ile ile, kwa moto, kwa baiskeli, kwa tipoyi kama hakuna kingine.

Kwa muda mrefu tulikuwa tunaambiwa kwamba kansere za wanawake wa Afrika nyingi ni hasi, kwa hiyo vidonge vya homoni havina faida kubwa kwetu. Maneno hayo yalifanya kazi mbaya. Mwaka 2014, watafiti wa Kenya walitoa matokeo ya kansere 301 zilizopimwa kwa uangalifu, na zaidi ya 7 kwa 10 zilikuwa na kipokezi cha estrojeni, karibu sawa na Ulaya. Hatusemi ni vile kila mahali. Kuna sehemu za Afrika ambako hasi ni nyingi kweli. Lakini sehemu ya makosa ilitoka katika kichupa.

Kichupa gani? Munganga akichukua kipande cha kivimbe, anapaswa kukitia katika formolini safi kabla ya saa moja kupita. Kisha kisikae mule chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla labo haijakishughulikia. Kikichelewa kuingia, au kikilala wiki mbili katika formolini mbaya, vipokezi vinaharibika. Labo inatafuta, haioni, inaandika "hasi". Mama ananyimwa kidonge ambacho kingemwokoa, na hakuna aliyesema uongo.

Sasa tuchukue kichupa hicho Kibombo. Kipimo cha vipokezi hakifanyiki katika hopitali ya territoire. Mpaka Kindu ni zaidi ya kilometa 100 za njia tunayoijua sisi wote, ama treni inayokuja siku inayotaka yenyewe. Toka Kindu, ni ndege mpaka Kinshasa. Zamani wagonjwa wengine wa Maniema walikuwa wanaelekea mashariki. Toka Goma na uwanja wake wa ndege vichukuliwe na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, njia ile imekuwa ya hatari na ya gharama ambayo familia ya mchimbaji haiwezi. Saa 72 zinapita kichupa kingali Kindu. OMS nayo, katika mpango wake wa kansere ya titi wa mwaka 2021, inasema kwamba toka mwanamke afike kwa munganga mpaka ajue ugonjwa wake, zisipite siku 60. Siku 60! Kwetu, kuna familia ambazo siku 60 zinaisha bado zinatafuta feza za safari ya kwanza.

Mtu atatuambia haiwezekani, Maniema ni mbali. Tunamwonyesha mfuko wa kasiteriti. Mfuko ule unapewa etiketi karibu na shimo, namba inaandikwa katika kitabu. Mnunuzi anaweka etiketi yake, namba inaandikwa tena. Unavuka mito, unapanda gari, unapanda meli, na mwenye kiwanda huko Asia anaweza kujua ulitoka karieri gani. Kazi hiyo inafanyika Maniema kwa zaidi ya miaka kumi sasa, katika njia zile zile na mvua zile zile. Juu ya mawe, tulijifunza kutunza jina la kitu kutoka msituni mpaka ng'ambo. Kichupa cha mama ni kidogo kuliko ngumi.

Tena kuna mahali walikwisha kufanya. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ni hopitali ya kilimani, mbali na mji mkuu. Mwaka 2012 walifungua pale kituo cha kansere. Mwanzoni hawakuwa na labo ya kupima vipokezi, wakawa wanatuma vipande mpaka Boston, Marekani, na majibu yanarudi. Kisha wakajenga uwezo wao wenyewe. Hawakungoja kila kitu kikamilike ndipo waanze. Tunajua kwamba kuitaja Rwanda siku hizi kunachoma watu moyo, na tuko na sababu. Ila titi la mama wa Kibombo halina siasa.

Feza ziko wapi? Code minier iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema kwamba redevance ya madini inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo ambako madini yanachimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tuseme ukweli, sheria ile inabana makampuni makubwa, na kwetu walio wengi ni wachimbaji wa mikono. Lakini nao wanalipa, kwa kadi, kwa mfuko, kwa kizuizi. Tunachoomba Kindu si mashine ya radioterapia. Tunaomba mstari mmoja katika bajeti ya mkoa: formolini safi katika hopitali kuu za zone za afya, feza ya kusafirisha vichupa kila wiki, malipo ya kipimo, na tamoksifeni ambayo haikatiki. Zone ziko 18. Gharama hiyo si ya kumshinda mkoa unaotoa kasiteriti, koltani na zahabu. Wabunge wa mkoa wakituambia haiko, watuonyeshe hesabu. Mpango wa kuzaa bure uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ni jambo jema, lakini unamwangalia mama wakati wa kujifungua, na kansere ya titi haimo.

Kama kuna anayefikiri ni habari ya wamama wachache, asikilize hii. Utafiti uliofuatilia wanawake wa Namibia, Nijeria, Uganda na Zambia, uliotolewa mwaka 2021, ulihesabu watoto. Kwa kila wanawake 100 walio chini ya miaka 50 wanaokufa kwa kansere ya titi, watoto 210 wanabaki bila mama. Tunajua mtoto wa karieri akifiwa na mama anaenda wapi. Haendi masomo.

Neno moja kwa wababa. Kidonge cha miaka 5 hakimalizwi na mgonjwa peke yake. Mwezi ambao shimo halikutoa kitu, kidonge njo cha kwanza kukatwa, kwa sababu mama haonekani mgonjwa. Naye mama ataona joto linampanda usoni, hedhi inabadilika, watu wanamwambia dawa ile inamharibu. Ataacha kama hakuna anayemshikilia. Akivimba mguu mmoja au akitoka damu isiyo ya kawaida, arudi kwa munganga, asiache kimya kimya. Na asishike mimba wakati anakitumia, maana kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hilo ni la bwana kama la bibi. Tunajua maneno yanayosemwa katika familia mwanamke akikaa miaka mitano bila kuzaa. Yazungumzwe mapema, pamoja na munganga, kabla wakwe hawajaanza kuyazungumza wenyewe.

Kwa yule ambaye mifupa yake imekwisha kuguswa, kuna pia maumivu, na hapo tumekuwa wagumu wa moyo kama nchi. Mionzi ya mara moja tu inapunguza maumivu ya mfupa kwa karibu wagonjwa 6 kwa 10, lakini iko mbali. Morfini ya kunywa si lazima iwe mbali. Uganda wanaichanganya wenyewe kuwa maji ya chupa, na toka 2004 sheria yao inaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, kwa sababu waliona madaktari hawatoshi vijijini. Sisi nasi tuna wauguzi katika kila kituo cha afya, na madaktari wa kuhesabu kwa vidole.

Wakati serikali inafikiri, kuna kitu familia inaweza kufanya leo. Mama akipasuliwa titi popote pale, msitoke bila kuuliza kipande kimepelekwa wapi na jibu litakuja lini. Jibu likija, tafuteni alama tatu: RE, RP na HER2, na kama kila moja ni chanya au hasi. Karatasi hiyo iwekwe katika plastiki ile ile mnamotunza kadi ya uchaguzi. Siku mama atakapoumwa mgongo, hata kama ni mwaka wa kumi na tano, mtaanza nayo: mtaiweka mezani kwa munganga wa Kibombo au wa Tunda kabla hajauliza amebeba nini wiki hii.